Kupima Nguvu za Ini kwa Pumzi: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa wa Mombasa na Jamaa Zake

Karatasi ya LFT, yaani vipimo vya damu vya ini, ikitoka maabara, wengi wetu hukimbilia mstari wa ALT. Namba ikiwa juu, mtu anaanza kuandika wosia. Ikiwa ya kawaida, anarudi barazani na kahawa yake. Pande zote mbili anaweza kuwa amekosea. ALT na AST ni vimeng'enya vinavyokaa ndani ya seli za ini, na seli zikiumia huvuja kuingia kwenye damu. Namba hizo zinaeleza majeraha. Uwezo wa ini kufanya kazi ni habari nyingine. Mwenye homa ya ini ya ghafla anaweza kuwa na ALT iliyopita 1,000 na bado ini likaendelea na shughuli zake mpaka akapona. Mwenye sirosisi ya miaka mingi, ini limejaa makovu, anaweza kuwa na ALT ya kawaida kabisa kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache.

Kwenye karatasi hiyohiyo kuna mistari inayokaribia uwezo: albumini, bilirubini na INR, ambayo hupima damu inavyoganda. Albumini hutengenezwa na ini, lakini ikishaingia kwenye damu hukaa sana. Huchukua kama siku 20 nusu yake kuisha. Kwa hiyo ini likilegea leo, albumini itakuja kusema wiki kadhaa baadaye. INR ina haraka zaidi kwa sababu faktori ya 7 ya kugandisha damu hupungua nusu kwa saa chache tu, ila mgonjwa akiwa anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au akiwa na upungufu wa vitamini K, namba hiyo inavurugika bila ini kuhusika.

Ndipo vinapoingia vipimo vya kulipatia ini kazi. Hamali wa bandarini hupimi nguvu zake kwa kutazama jasho. Unampa gunia, unaangalia analifikisha kwa muda gani. Vivyo hivyo mgonjwa anapewa kitu kidogo ambacho ini ndilo hukishughulikia, kisha unahesabu kasi ya kukimaliza. Mwongozo huu unahusu zaidi kipimo cha pumzi cha methasetini yenye kaboni 13, kwa kuwa hakihitaji kuchomwa sindano na kwa kuwa ndicho kinachoharibiwa kwa urahisi na chakula chetu cha Pwani. Vingine nitavigusa mwishoni.

Je, unakihitaji?

Wengi hawakihitaji, na ni afadhali niliseme hili kabla hujatoa pesa. Ikiwa ndiyo kwanza umeambiwa ALT imepanda, au umepatikana na virusi vya homa ya ini aina ya B, anza na vipimo vya kawaida: LFT kamili, INR, hesabu ya chembe za damu, HBsAg (kipimo cha virusi vya aina ya B) na kipimo cha aina ya C, na altrasaundi ya tumbo. Hivyo vyote vinapatikana kwenye hospitali kubwa za Mombasa, Coast General na Aga Khan zikiwemo. Kutokana na hivyo daktari anaweza kukupa alama za Child-Pugh, ambazo hujumlisha bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na kuchanganyikiwa kunakoletwa na ini. Alama huanzia 5 hadi 15: daraja A ni 5 na 6, daraja B ni 7 hadi 9, daraja C ni 10 na kuendelea.

Kipimo cha kulipatia ini kazi kinakuja na faida pale Child-Pugh inaposema "A" lakini daktari ana wasiwasi. Mfano mkubwa ni mgonjwa anayetaka kukatwa sehemu ya ini kwa sababu ya uvimbe: mpasuaji lazima ajue sehemu itakayobaki itaubeba mwili au haitaubeba. Kingine ni kumfuatilia mwenye sirosisi mwezi kwa mwezi, au kujua kama dawa fulani ipunguzwe dozi.

Na kuna mgonjwa asiyefaa kupangiwa kipimo chochote cha kusubiri. Anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kama lami, anayeanza kusinzia mchana na kusema maneno yasiyoeleweka, au mwenye macho ya manjano pamoja na homa na kutetemeka, huyo apelekwe kitengo cha dharura saa hiyohiyo.

Neno moja kuhusu zile mashine za kushika kiganjani zinazopitishwa mitaani na kwenye semina za kuuza virutubisho, eti ukishika chuma dakika moja zinakuambia ini lako liko asilimia ngapi. Hazipimi chochote kinachotoka kwenye ini. Karatasi inayotoka hapo huishia kwenye chupa ya "kusafisha ini" ya maelfu ya shilingi, na baadhi ya mitishamba hiyo ndiyo huliumiza ini lenyewe.

Kinachotokea ndani ya mwili

Methasetini ni ndugu wa karibu wa fenasetini, dawa ya maumivu ya zamani. Ukiinywa, hufyonzwa haraka na kufika kwenye ini, ambako kimeng'enya kiitwacho CYP1A2 huikata kipande kimoja. Kinachobaki ni parasetamoli, ileile ya Panadol. Kile kipande kilichokatwa hugeuzwa hatua kwa hatua mpaka kinakuwa kaboni dayoksaidi, kinaingia kwenye damu, kinafika mapafuni na kutoka na pumzi.

Ujanja uko hapo kwenye kipande. Wenye kiwanda huweka kaboni 13 mahali pa kaboni 12 ya kawaida. Kaboni 13 haina mionzi. Takriban asilimia 1.1 ya kaboni yote duniani ni hiyo, na wewe unayo mwilini sasa hivi. Mashine ya maabara inaweza kuhesabu imeongezeka kiasi gani kwenye pumzi yako. Ini lenye nguvu hukata haraka, na pumzi hujaa kaboni 13 ndani ya dakika 10 hadi 20 za kwanza. Ini lililochoka hukata polepole.

Wazo la kulipima ini kwa pumzi si geni. Mwaka 1974 Hepner na Vesell walichapisha kipimo cha aminopirini yenye kaboni 14. Kaboni 14 ina mionzi, na aminopirini yenyewe ina sifa mbaya ya kushusha chembe nyeupe za damu kwa baadhi ya watu, kwa hiyo watafiti waliendelea kutafuta kitu kilicho salama zaidi.

Dozi ya methasetini ni miligramu 75. Hata ikigeuka yote, parasetamoli itakayotoka haifiki sehemu ya saba ya kidonge cha miligramu 500. Hata hivyo, aliyewahi kuvimba au kutokwa vipele kwa parasetamoli aseme mapema. Wajawazito hawapimwi hivi: ujauzito wenyewe hupunguza kasi ya CYP1A2, na matokeo hayatakuwa na maana.

Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kwenda

Usiulize tu "mna kipimo cha pumzi?" Utajibiwa "tunacho", kumbe ni cha vidonda vya tumbo, cha kutafuta bakteria wa H. pylori kwa yurea. Uliza hivi: mashine yenu inasoma kaboni 13 au 14? Kama ni 14, haifai kwa shughuli hii. Kama ni 13, basi mashine ileile inaweza kusoma pumzi ya methasetini, swali likabaki kama wanayo dawa yenyewe na kama wana mtu aliyezoea kukokotoa matokeo ya ini. Uliza pia sampuli zinasomwa hapohapo au zinatumwa kwingine. Kutumwa si dosari: pumzi ikifungwa vizuri kwenye kichupa chenye kizibo cha mpira hukaa bila kuharibika kwa muda wa kutosha kusafirishwa.

Suala la malipo limalize kwenye simu hiyohiyo. Tangu bima ya afya ya serikali, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, usidhani kitu kinalipiwa mpaka uambiwe kwa maandishi.

Siku ya miadi chagua kwa akili. Kipimo huchukua saa 2 baada ya kunywa dawa, na maandalizi kabla yake. Ijumaa si siku nzuri kwa anayetaka kuiwahi sala ya msikitini, ila ukianza saa 2 asubuhi. Ramadhani nayo ina mambo yake: dawa hunywewa na maji, kwa hiyo funga itavunjika. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kuilipa siku nyingine, lakini kama hakuna haraka, mwambie daktari akupangie baada ya Idi.

Hatua ya 2: Siku za kabla, na hapa ndipo kazi ilipo

Nimetenga nafasi kubwa kwa hatua hii kwa sababu mashine ni ileile kila mahali. Kinachotofautisha matokeo ya kuaminika na ya kutupa ni kilichoingia tumboni na kifuani mwa mgonjwa kabla hajafika.

Anza na moshi. Moshi wa tumbaku huamsha CYP1A2 ikafanya kazi kupita kiasi. Mvutaji mwenye ini dhaifu anaweza kutoa namba nzuri ya kudanganya. Na kuacha usiku mmoja hakusaidii, kwa kuwa kimeng'enya kilichoamshwa huchukua siku kadhaa kutulia, hata wiki. Kama huwezi kuacha, usifiche. Mwambie anayekupima ni sigara ngapi kwa siku aziandike kwenye fomu. Shisha ihesabu humohumo, hata kama ilipigwa marufuku Desemba 2017 na wewe "huvuti sana".

Moshi wa jiko nao una habari yake. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu waliolishwa nyama iliyochomwa juu ya mkaa kwa siku chache waliimaliza fenasetini kwa kasi zaidi kuliko walipokula nyama isiyochomwa hivyo. Fenasetini na methasetini hukatwa na kimeng'enya kilekile. Kwa mtu wa Mombasa maana yake ni mishkaki ya jioni, kuku wa kuchoma na hata samaki wa kupaka, kwa kuwa naye hupita kwenye makaa kabla ya kupakwa tui. Viache kwa siku 3 au 4. Familia ya kabeji huamsha kimeng'enya hichohicho, na sukuma wiki ni ukoo huohuo wa kabeji. Kwa siku hizo kula mchicha.

Kahawa inavuruga kwa njia nyingine kabisa. Kafeini hukatwa na CYP1A2 hiyohiyo, kwa hiyo ikiwa bado iko mwilini inang'ang'ania nafasi na methasetini. Mtu mzima asiyevuta sigara huondoa nusu ya kafeini kwa kama saa 5. Mwenye sirosisi huchukua muda mrefu zaidi, na yeye ndiye anayepimwa. Acha siku nzima kabla, na kwa mwenye sirosisi ziwe siku 2. Mazungumzo ya aina hii utayasikia kwenye chumba cha kipimo:

"Ami, kahawa hukunywa jana?"

"Kahawa nimeacha tangu juzi, mwanangu."

"Na asubuhi hii?"

"Chai ya rangi tu, ya tangawizi. Kikombe kimoja."

Chai ya rangi ina kafeini, hata ukiitia tangawizi na iliki. Soda za kola na vinywaji vya kuchangamsha vimo pia. Ami huyo atarudi siku nyingine.

Kisha kuna jambo ambalo fomu nyingi zilizoandikwa Ulaya hulipitia juujuu, nako huko ni sawa, ila hapa kwetu linauma. Mahindi, mtama, uwele, wimbi na miwa huchukua kaboni hewani kwa njia tofauti na mimea kama mpunga, ngano, mihogo, maharagwe na minazi. Mimea hiyo ya kwanza hubaki na kaboni 13 nyingi kidogo. Mzungu anayekula mkate wa ngano hana shida. Lakini mtu aliyekula sima jana usiku, akateremshia glasi ya maji ya miwa yenye ndimu, pumzi yake asubuhi bado inapanda na kushuka kwa kaboni 13 ya chakula. Mashine haijui ipi ya methasetini na ipi ya miwa; yote inaihesabia ini. Sukari yetu ya dukani nayo ni ya miwa, na mafuta ya mahindi yanabaki kuwa mahindi.

Kwa hiyo siku nzima ya kabla ya kipimo weka kando sima, mahindi ya kuchoma, uji wa wimbi, maji ya miwa, soda na chai yenye sukari. Nanasi pia liache, kwa kuwa kaboni 13 yake iko karibu na ya kundi la mahindi na miwa. Hii haina maana utalala njaa. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki, mbaazi za nazi, chapati, mhogo wa kuchemsha, viazi, embe: vyote vinaruhusiwa. Mahamri yanakubalika yakiwa na sukari kidogo.

Dawa usiziache kwa kichwa chako. Andika majina yote, pamoja na mitishamba, umpe daktari kabla ya siku. Siprofloksasini, ambayo wengi hununua duka la dawa kwa homa ya tumbo au mkojo kuuma, huzuia CYP1A2 kwa nguvu. Vidonge vya kupanga uzazi huizuia kwa kiasi. Dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini, na rifampisini ya kifua kikuu, huweza kuiamsha. Daktari ndiye ataamua kama ni kusubiri mpaka dozi iishe au kupima hivyohivyo na kusoma matokeo kwa tahadhari. Miraa na muguka pia vitaje: kuna ripoti za kitabibu za watafunaji walioumwa ini, na usiku wa miraa kwa kawaida ni usiku wa soda, sigara na kukosa usingizi, mambo matatu ambayo hatuyataki kabla ya kipimo.

Usiku wa mwisho acha kula kwa muda wa saa 8 au zaidi kabla ya kipimo. Maji matupu yanaruhusiwa.

Hatua ya 3: Kufika na kutulia

Hesabu ya matokeo inachukulia kwamba mwili wako unatoa kaboni dayoksaidi kwa kiwango cha mtu aliyepumzika. Ukishuka feri ya Likoni, ukapanda kile kilima kwa miguu kwa sababu matatu zimejaa, kisha ukavuta pumzi ya kwanza huku unahema, hesabu imeshakwenda kombo. Fika nusu saa mapema, kaa kitini. Mwenye homa siku hiyo aahirishe.

Utapimwa urefu na uzito. Usikisie uzito, kwa kuwa namba hizo zinaingia moja kwa moja kwenye hesabu. Mwenye maji mengi tumboni amwambie mpimaji, kwa maana uzito wa maji si uzito wa mwili.

Hatua ya 4: Pumzi ya msingi

Kabla ya kunywa chochote unatoa pumzi ya msingi, na ni vizuri zichukuliwe sampuli 2. Zote zitakazofuata zitalinganishwa na hizi, kwa hiyo zikiharibika hizi, kipimo kizima kimekwenda.

Namna ya kupuliza: vuta pumzi kawaida, ishikilie kwa sekunde chache, kisha toa. Pumzi ya mwanzo ni hewa ya mdomoni na kooni, hiyo iache ipotee. Tunataka ya mwisho, itokayo ndani kabisa ya mapafu. Kwa mfuko, elekeza ya mwisho ndani na ufunge. Kwa kichupa, mrija huingizwa mpaka chini. Unapuliza polepole kupitia mrija mpaka ukungu wa pumzi uonekane ndani ya kioo, kisha mrija unatolewa *huku bado unapuliza*, na kizibo kinafungwa papo hapo. Ukiacha kupuliza kabla mrija haujatoka, hewa ya chumba inaingia. Kwenye joto la Mombasa ukungu huo ni hafifu, kwa hiyo afadhali chumba chenye AC, na kichupa kishikwe dhidi ya mwanga.

Kila kichupa kiandikwe jina na dakika kabla ya kupulizwa.

Hatua ya 5: Kunywa na kuhesabu dakika

Miligramu 75 za unga huyeyushwa kwenye maji kama mililita 100. Koroga mpaka usione punje chini ya kikombe. Kunywa yote bila kupumzika katikati, kisha saa ianzishwe hapo hapo. Sampuli huchukuliwa kila dakika 10 kwa saa ya kwanza, halafu dakika ya 80, 100 na 120. Kama saa ya ukutani imekwama, tumia simu.

Katikati kaa tu. Usilale, usitembeetembee, usile, usinywe, usitoke nje kuvuta. Chooni unaruhusiwa, taratibu. Sampuli ikichelewa dakika 3, mpimaji asiandike dakika iliyopangwa. Aandike ileile iliyochukuliwa. Dakika za kweli hesabu inaweza kuzitumia. Za uongo hapana.

Hatua ya 6: Hesabu inavyokwenda

Mgonjwa hahitaji kukokotoa, ila akijua hesabu inatoka wapi ataelewa kwa nini alisumbuliwa kuhusu uzito na sima. Tuseme mtu ana kilo 63 na urefu wa sentimita 165. Eneo la mwili wake ni kama mita za mraba 1.7. Mtu aliyepumzika anakadiriwa kutoa milimoli 300 za kaboni dayoksaidi kwa saa kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo huyu anatoa kama 510 kwa saa. Dozi ya miligramu 75 ni karibu milimoli 0.45 za kaboni 13.

Mashine inatoa namba inayoitwa DOB, yaani kaboni 13 imepanda sehemu ngapi katika elfu juu ya pumzi ya msingi. Tuseme dakika ya 20 imepanda 25. Ukizidisha 25 kwa elfu, kwa 0.01124 ambayo ni uwiano rejea wa kaboni 13 kwa kaboni 12, kisha kwa 510, unapata kama milimoli 0.143 kwa saa. Ukigawa kwa dozi, ni takriban asilimia 32 ya dozi kwa saa. DOB ikiwa 6 tu, kwa mtu huyohuyo inatoka kama asilimia 7.6 kwa saa. Tofauti ya namba chache kwenye mashine ndiyo inayotenganisha ini linalokimbia na ini linalojikokota, na sima ya jana inaweza kuleta namba chache kama hizo.

Hatua ya 7: Kusoma karatasi

Karatasi nzuri ina mambo matatu: kilele ni asilimia ngapi kwa saa, kilele kilifika dakika ya ngapi, na jumla ya dozi iliyotoka hadi dakika 120. Kila maabara ina mipaka yake kulingana na mashine na dozi, kwa hiyo usilinganishe namba yako na ya jirani aliyepimwa kwingine. Tazama umbo la mchoro kwanza.

Mchoro ukipanda haraka, ukafika kilele kirefu ndani ya dakika 20 na kushuka taratibu, ini linakata vizuri. Ukichelewa kupanda lakini ukafika juu, shuku tumbo kabla ya ini: dawa haikutoka tumboni kwa wakati, jambo linalotokea sana kwa wenye kisukari cha muda mrefu. Mchoro ulio chini tangu mwanzo hadi mwisho ndio wa ini lililopungua uwezo, mradi mgonjwa hakunywa siprofloksasini. Na mchoro mzuri mno kwa mtu mwenye maji tumboni na macho ya manjano, muulize kuhusu sigara.

Hata ukiwa safi, mchoro haukwambii kama kuna virusi, uvimbe au mawe ya nyongo. Kimepimwa kimeng'enya kimoja tu. Ndiyo maana daktari mzuri husoma karatasi hii kando ya LFT, altrasaundi na mgonjwa mwenyewe.

Vipimo vingine vya ukoo huu

LiMAx ni methasetini hiyohiyo kwa njia ya mshipa, miligramu 2 kwa kilo, pumzi ikisomwa moja kwa moja kupitia barakoa. Kilitokea Berlin na kinatumika zaidi kabla ya upasuaji wa ini. Tumbo halihusiki, nayo ni faida kubwa. Matokeo yakizidi mikrogramu 315 kwa kilo kwa saa huhesabiwa ya kawaida; chini ya 140 ni dalili mbaya.

ICG ni rangi ya kijani inayodungwa kwenye mshipa. Ini haliigeuzi, huikamata kutoka kwenye damu na kuitupa kwenye nyongo kama ilivyo, kwa hiyo kinachopimwa ni mtiririko wa damu na uwezo wa kunyakua. Kwa dozi ya miligramu 0.5 kwa kilo, inayobaki damuni baada ya dakika 15 isizidi asilimia 10. Kipimo kinaweza kusomwa kwa klipu ya kidoleni, bila kutoa damu tena na tena. Wapasuaji wa Japani, akiwemo Makuuchi, waliitumia namba hiyo kuamua sehemu ya ini ya kukata: ikiwa chini ya 10, upande mzima wa kulia unaweza kutoka, ikifika 40, ni kuchokonoa uvimbe tu. Mwenye mzio wa madini ya iodini aseme, kwa kuwa rangi hiyo huja na iodini.

Galaktosi, sukari ya maziwa iliyotenganishwa, hudungwa pia na kupimwa damuni. Ni ya zamani na inachosha, nimeitaja ili ukiisikia usishangae. Kafeini nayo hutumika: mgonjwa humeza kiasi kinachojulikana, kisha mate hupimwa jioni na asubuhi kuona kiasi gani kimebaki usiku kucha. Ni rahisi na haina sindano, lakini sigara huivuruga vilevile.

Ukirudia

Kipimo kimoja ni picha moja. Kwa mwenye sirosisi, faida iko kwenye kulinganisha. Rudia maabara ileile, dozi ileile, saa ileile ya asubuhi, na chakula kilekile cha siku iliyotangulia. Kwenye faili yako usihifadhi neno "kawaida" peke yake. Omba wakupe karatasi yenye dozi, uzito, pumzi ya msingi, DOB ya kila dakika na jina la mashine, na nyuma yake andika kwa kalamu yako ulichokula jana yake, dawa ulizokuwa ukitumia, na kama ulivuta.